Fizi Zinatoa Damu, Nawe Umepaacha Papumzike?

Nianze na ninyi mnaopiga mswaki asubuhi, mkitema povu mnaliona lina wekundu, kisha mnafungua bomba haraka ili liende zake. Mmeniandikia wengi. Mmoja damu inamtoka tangu alipokuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, na mtoto huyo sasa anakwenda shule. Mwingine kila dawa ya meno inayotangazwa redioni anaikimbilia dukani. Na yupo aliyenifanya niweke kando maswali mengine yote ya mwezi huu: ameacha kabisa kupitisha mswaki upande wa kulia kwa sababu panauma na panatoa damu, akaona bora apaache papumzike.

Mdogo wangu, hapo ulipopaacha papumzike ndipo ugonjwa unapojenga. Damu haitoki kwa sababu umesugua. Inatoka kwa sababu ufizi umeshavimba, na umevimba kwa sababu kuna uchafu umekaa pale jino linapochomoza kwenye ufizi, mahali ambapo mswaki wako haujafika siku nyingi. Ukiuacha unaongezeka, na ufizi nao unazidi kuvimba, hadi mswaki ukigusa tu damu hiyo. Njia ya kutoka humo ni kusafisha hapo hapo panapotoka damu, kwa upole, kila siku.

Uchafu wenyewe si mabaki ya chakula kama wengi mnavyodhani. Ni utando wa bakteria. Usiku kucha wanajishikiza kwenye meno, na asubuhi ukipitisha ulimi kabla ya mswaki utausikia huo ute mzito. Utando huo ni kama sufuria ya ugali: ukiiosha mapema inatakata kwa mkono, ukiiacha ikauke utatafuta cha kukwangulia. Madini yaliyomo kwenye mate huugandisha, na baada ya siku chache unakuwa ugaga, ule ugumu wa njano au kahawia unaouona nyuma ya meno ya chini ya mbele. Ukishakuwa ugaga, mswaki hauutoi, wala dawa ya meno ya bei yoyote. Unabaki pale, na utando mpya unapata pa kukaa juu yake.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu linatoa matumaini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, mtafiti Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Siku 10 zilitosha kwa baadhi yao, na kufikia wiki ya tatu wote fizi zilikuwa zimevimba. Kisha wakarudishiwa miswaki na kuelekezwa namna ya kusafisha, na ndani ya wiki moja hivi fizi zikarudi kama zamani. Hapo ndipo wengi wenu mlipo: kwenye hatua ya kwanza, ambayo mkono wako mwenyewe unaweza kuirudisha nyuma.

Basi jipe wiki mbili. Nunua mswaki wenye nywele laini, maana ule mgumu unachubua ufizi na kula mzizi wa jino. Ulaze mshazari, nywele zielekee kwenye mpaka wa jino na ufizi, nusu zikigusa jino na nusu ufizi. Usivute mivuto mirefu ya kwenda na kurudi. Tikisa mdogomdogo hapo hapo, meno mawili au matatu kwa pamoja, kisha sogea. Nje, halafu ndani, halafu juu ya magego. Upande wa ndani wa meno ya chini ya mbele ndiko watu wanakokuruka, na ndiko ugaga unakopenda kuanza. Dakika mbili nzima, asubuhi na usiku, na kama siku imekushinda basi heri ukose mswaki wa asubuhi kuliko wa usiku, kwa kuwa ukilala mate hupungua na bakteria hupata nafasi.

Halafu kuna kati ya meno, ambako mswaki hauingii hata ufanyeje. Tumia uzi wa meno: uingize taratibu, uukumbatishe kwenye ubavu wa jino, upandishe na kuushusha mara chache, kisha uhamie ubavu wa jino la pili. Kama nafasi zako ni pana, vile vibrashi vidogo vya kupitisha katikati vinafanya kazi nzuri zaidi kuliko uzi. Siku za mwanzo utaona damu, usiogope. Ikipungua siku hadi siku, jua unapona. Kijiti cha kuchokolea nyama si mbadala, na wengine mnakichomeka mpaka ufizi unatoboka.

Anayetumia mswaki wa mti sitamwambia autupe. Ncha ikitafunwa vizuri ikatoa nyuzi laini, ikapitishwa nje na ndani, inasafisha. Kasoro ninayoiona kwa wengi ni kusugua meno sita ya mbele yanayoonekana mtu akicheka, magego yakaachwa hivyo hivyo.

Wiki mbili zikipita na damu bado ipo, nenda kliniki ya meno. Maana yake kuna ugaga ambao huwezi kuufikia, au ugonjwa umeshuka chini.

Hatua hiyo ya pili ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi anakula nyama choma kama kawaida. Bakteria wanashuka kati ya jino na ufizi, pale panafanyika mfuko, na mwili katika kupambana nao unamaliza mfupa wa taya unaoshikilia mzizi. Mfupa huo ukishapungua, haurudi wenyewe. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2022 lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa huu uliofikia hatua kali. Wengi wao waligundua siku jino lilipoanza kucheza.

Kwa hiyo msisubiri maumivu. Tazama kwenye kioo. Je, meno yanaonekana marefu kuliko zamani? Chakula kinakwama mahali ambapo hakikuwa kikikwama? Ukibonyeza ufizi, unatoka usaha? Kuna harufu inayorudi nusu saa tu baada ya mswaki, hata ukitafuna mnanaa na iliki? Hili la harufu najua mnaniandikia kwa aibu, na wengine mnaogopa hata kumsogelea mume. Mara nyingi chanzo ni hizo fizi au ulimi usiosafishwa, na vyote vina dawa.

Na kuna jambo la mwanya. Kwetu mwanya ni urembo, na aliyezaliwa nao ajivunie. Lakini mwanya uliokuja ukubwani si urembo, mwenzangu. Kama una miaka thelathini na kitu na meno yako ya mbele yaliyokuwa yamebanana yameanza kuachana, au moja limejitokeza mbele kuliko jirani yake, watu wakakusifia, wewe washukuru kisha uende ukapimwe. Meno hayahami bila sababu. Hata kijana wa miaka kumi na tano au kumi na sita ambaye meno ya mbele au magego ya kwanza yanalegea huku kinywa chake ni kisafi, asiambiwe asubiri akue. Kuna aina ya ugonjwa huu inayowashika vijana, inakwenda mbio, na huonekana zaidi kwenye baadhi ya familia. Akipatikana yeye, wapelekeni na ndugu zake.

Sasa twende kliniki, maana najua hofu ipo hapo. Nimewahi kumsindikiza rafiki yangu, nikaketi pembeni ya kiti. Daktari alianza kwa kupima. Alishika kifimbo chembamba chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, kila jino sehemu sita, huku akimtajia msaidizi tarakimu: mbili, tatu, mbili, tatu, tano, saba. Kila alipotaja tano au saba rafiki yangu alinikazia macho, maana alishaelezwa. Milimita 1 hadi 3 ni mfuko wa kawaida. Kuanzia 4, hasa panapotoka damu, ugonjwa upo. Kufikia 6 na kuendelea, mswaki wala uzi haviwezi tena kufika chini. Baada ya hapo akapigwa picha ya eksrei ili mfupa uonekane umebaki kiasi gani. Kama daktari wako hakukupima hivi na anataka kukuandikia kitu, mwombe kwa adabu akupime kwanza.

Tiba yenyewe ni kusafisha. Kwa fizi zilizovimba tu, unasafishwa ugaga ulio juu ya ufizi, kwa mashine inayotikisika na kurusha maji au kwa vifaa vya mkono, na mara nyingi unamaliza siku hiyo hiyo. Ugonjwa ukiwa umeshuka, unachomwa ganzi, daktari anaingia chini ya ufizi na kukwangua ugaga ulioshika kwenye mizizi. Inaweza kuchukua ziara mbili au zaidi, upande mmoja leo, upande mwingine siku nyingine. Rafiki yangu alionyeshwa vipande vilivyotoka kwake, vyeusi, vigumu, vidogo kama mchanga wa mtoni, na akaelewa kwa nini mswaki ulishindwa.

Hapa lazima niseme juu ya lile neno la mtaani kwamba kusafishwa kunalegeza meno na kuacha mapengo. Limewaponza wengi. Ugaga ukiwa mwingi hujaza nafasi kati ya meno na kuyashikanisha kwa uongo, na ufizi uliovimba hufunika mapengo ambayo tayari yapo. Ukitolewa, uvimbe ukashuka, unaona hali halisi iliyokuwa imefichwa. Meno yatasikia baridi wiki chache, maana mizizi imekuwa wazi. Dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayosikia baridi husaidia. Lakini jino lililokuwa linacheza kidogo, ufizi ukipona, mara nyingi hukaza. Aliyeogopa kusafishwa akabaki na ugaga wake ndiye anayeishia kung'oa.

Ninyi wa Arusha, Kilimanjaro na Nakuru, na kokote kule Bonde la Ufa kwenye maji yenye floraidi nyingi, msichanganye mambo. Ile kahawia iliyomo ndani ya jino tangu utotoni si ugaga wala uchafu, na kusafishwa hakuitoi. Msikwangue kwa mkaa wala mchanga. Fizi zenu zinaweza kuwa na afya kabisa na rangi ikawepo.

Sasa tuje kwenye vidonge, jambo linaloniumiza moyo. Fizi zikivimba, mtu anakwenda duka la dawa, anataja Flagyl na amoksilini, anakunywa siku tatu, uvimbe unapungua, anaziacha. Miezi miwili mbele anarudi kununua zile zile. Bakteria wa fizi wanaishi ndani ya utando, na utando huo huwakinga. Dawa inawafikia wachache, ugaga unabaki palepale, na wale wanaosalia wanazidi kuzizoea dawa ambazo siku moja utazihitaji kwa maradhi ya kutishia maisha. Daktari anaweza kuandika antibiotiki kwa hali maalumu, akiziambatanisha na kusafisha, au palipo na jipu linaloenea. Peke yake, kidonge hakitibu ugonjwa wa fizi.

Maji ya chumvi je? Nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, sukutua, yanatuliza. Endelea nayo, ila usidhani yanatoa ugaga. Maji ya kusukutua yenye klorheksidini ni mazuri kwa muda mfupi, wiki mbili hivi, hasa baada ya kusafishwa wakati mswaki unauma. Ukiyazidisha yanapaka meno rangi ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula. Usiyatumie papo hapo baada ya dawa ya meno, acha ipite nusu saa. Ndimu inakula jino. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kidogo lakini yakimwagika yanaunguza ufizi. Na ninyi mnaonunua machungwa kwa ajili ya fizi, yaleni kwa sababu ni matamu na yana faida, ila aliye na ugaga atakula gunia zima na damu itaendelea kutoka.

Mtaniuliza, mbona bibi hakuwahi kumwona daktari wa meno na amekufa na meno yake? Ni kweli, na watafiti wameliona hilo. Katika miaka ya 1980 walipimwa watu wazima zaidi ya 1,000 wilayani Machakos, Kenya. Ugaga ulikuwa umeenea karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa uliangukia kundi dogo tu. Sri Lanka nako, kwa wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai ambao hawakuwa na huduma ya meno kabisa, takriban asilimia 8 ugonjwa ulikwenda kasi, asilimia 81 ulikwenda kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 haukusogea zaidi ya uvimbe wa fizi. Miili haifanani. Bibi anaweza kuwa mmoja wa ile asilimia 11. Wewe hujui uko kundi gani mpaka upimwe.

Yapo mambo yanayokusogeza kwenye kundi la hatari, nayo tuyaseme wazi. Sigara kwanza. Inaharibu mfupa, inachelewesha kupona, na mbaya zaidi inabana mishipa ya damu hata fizi za mvutaji hazitoi damu sana, akajiona mzima. Kama mumeo anavuta na anakuambia fizi zake hazina shida, usimwamini kwa macho.

Kisukari ndicho cha pili, na hiki kinakwenda pande zote mbili. Sukari ikiwa juu, fizi huharibika haraka. Fizi zikiwa na uvimbe, sukari inakuwa ngumu kushusha. Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kutibu fizi kwa mgonjwa wa kisukari hushusha kipimo cha sukari kiitwacho HbA1c kwa kama 0.4 katika miezi mitatu au minne, tuseme kutoka 8.4 hadi 8.0. Ni kiasi cha maana, na hujaongeza kidonge. Mpeleke mama yako. Na wewe ambaye fizi zinakusumbua kila mara bila sababu ya wazi, omba upimwe sukari.

Mjamzito, fizi zako zitavimba kirahisi kwa sababu ya homoni, ila si kweli kwamba kila mtoto anaondoka na jino la mama. Mtoto hachukui kalisi kwenye meno yako. Kusafishwa ukiwa na mimba ni salama, na miezi ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kuketi kwenye kile kiti. Mwambie daktari umri wa mimba. Na wanaotumia dawa za presha kama amlodipini na nifedipini, au fenitoini ya kifafa: ufizi ukianza kunenepa na kufunika meno, dawa inaweza kuwa inachangia. Usiiache kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia, umweleze, na kinywa ukisafishe mara dufu, maana palipo safi ufizi haukui sana.

Baada ya kusafishwa chini ya ufizi, unarudi kupimwa tena, kwa kawaida katika miezi mitatu. Mifuko mingi huwa imepungua. Panapobaki mfuko wa milimita 6 au zaidi, daktari bingwa wa fizi anaweza kufanya upasuaji mdogo kwa ganzi: anafunua ufizi, anasafisha mzizi akiuona kwa macho, kisha anashona. Kwa mashimo fulani ya mfupa huweza kuongeza vipandikizi ili mfupa ujijenge kwa kiasi, si kila mahali, na asikwambie mtu kwamba mfupa wote utarudi. Huduma hiyo iko zaidi kwenye hospitali kubwa, na ina gharama. Ila wengi wenu hamtafika huko mkienda mapema, na usafishaji wa kawaida hupatikana hata kwenye hospitali nyingi za wilaya.

Ukiambiwa jino ling'olewe, uliza mawili kabla ya kufungua mdomo: mfupa umebaki kiasi gani, na je, likisafishwa vizuri linaweza kukaa? Wakati mwingine jibu litakuwa hapana, limekwisha, na kulitoa ni sahihi. Lakini uliza. Na uso ukivimba, ukapata homa, au ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, hapo hakuna kusubiri kesho wala kusukutua chumvi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Aliyewahi kuugua hatua ya pili hatolewi kwenye daftari. Atarudi kusafishwa kila miezi mitatu hadi kumi na miwili, kadiri daktari atakavyoona, kwa maisha yake yote, maana ugonjwa huu unatulia, hausahau njia. Kila ukirudi, mwombe daktari akusomee tena zile tarakimu kando ya za mwanzo. Ile saba ikiwa imekuwa nne, utaona kazi ya mkono wako. Ikiwa imebaki saba, mtajua pamoja ni jino gani la kushughulikia siku hiyo. Na wewe wa upande wa kulia, anza leo usiku, mswaki laini, polepole, kisha niandikie baada ya wiki mbili.